Jibu: Mbona okidi haijichavushi yenyewe?

Dada wa South B, umeuliza iwapo nyuki akishaingia kwenye okidi yako ya barazani, ua halitajipa chavua yake lenyewe, na mbona ua ulilogusa kwa kijiti cha meno lilinyauka. Mara nyingi ua halitajipa chavua yake, na namna linavyojizuia hunifurahisha kila nikiitazama.

Chavua ya okidi haipeperuki kama unga. Imeshikana kuwa vidonge viwili au zaidi, vyenye kikonyo na gundi. Stigma, yaani sehemu ya ua inayopokea chavua, iko kwenye nguzo ileile ya katikati iliyobeba vidonge hivyo, ila imetengwa navyo kwa kiwambo chembamba. Mara nyingi nyuki hunaswa na vidonge mwilini akiwa anatoka, na wakati huo stigma ameshaipita.

Sasa tazama okidi ya Ulaya iitwayo Orchis mascula. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliichunguza, akaeleza mwaka 1862: alichomeka penseli ndani ya ua, vidonge vikanata kwenye penseli vikiwa wima. Baada ya kama sekunde 30, vikonyo vikainama mbele. Vikiwa wima havigusi stigma. Vikiinama vinaifikia barabara. Katika muda huo nyuki huwa ameshahamia mmea mwingine.

Yako, kwa picha uliyoweka, ni aina ya okidi iitwayo Phalaenopsis. Hiyo ikishapokea chavua, mdomo wa stigma hufumba, ua hutoa gesi ya ethilini na petali hunyauka kwa siku chache, ilhali lisipoguswa lingedumu wiki nyingi. Kwa hiyo lile ulilogusa kwa kijiti cha meno halikuugua. Angalia kikonyo kinacholishika ua hilo: kikibaki kijani na kunenepa, tunda limeshika.