Dogo, usithubutu kumshangaza mlezi wako

Usithubutu. Narudia, dogo wa Duga, usithubutu.

Nimesoma uzi wako mara mbili hapa kijiweni Ngamiani, Tanga, kahawa ikanipolea mkononi. Umechaguliwa Google Summer of Code, ule mpango wa Google unaowalipa wanaoanza kuandika programu huria chini ya mlezi, kwenye mradi wa X.Org, wale wa programu za picha za Linux, utafanya kazi kwenye VKMS. Hongera. Umeuliza laptopu gani inafaa, bando la kiasi gani, uanze na lugha ya C au Rust. Halafu kule chini kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, ukaandika umepanga "kujifungia mwezi mzima nimalize yote, ndipo nimwoneshe mlezi kitu cha kumshangaza". Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Mimi wangu nilimshangaza. Alishangaa mpaka akanifelisha.

Kwa wasioijua, VKMS ni draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya skrini isiyo na skrini. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, inaiona kama kadi ya picha, kumbe nyuma yake hakuna kadi wala waya, mambo yote yanaishia kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Iliingia kwenye Linux 4.19 mwaka 2018, na watu huitumia kujaribia kazi za skrini bila kuwa na kifaa chenyewe. (Kwa hiyo hata laptopu ya mjomba itakutosha, utaiendesha ndani ya mashine pepe. Tuendelee.) Kazi niliyopewa ilikuwa kuiongezea miundo ya rangi ya YUV, ile inayotumika sana kwenye video. VKMS hupokea matabaka ya picha, la nyuma, la dirisha, la kishale cha kipanya, ikayachanganya kuwa picha moja. Nilipoanza ilikuwa inachanganya picha nzima kwa mpigo. Kodi yangu yote (hii ya kompyuta, si ya nyumba, ingawa nayo nilikuwa nadaiwa) nikaijenga juu ya hapo.

Wiki tano nimejifungia chumba cha uani Makorora, feni moja, mlango umefungwa. Mistari elfu tatu na ushee. Kila Jumatatu mlezi anaandika: vipi, umefika wapi? Najibu: naendelea vizuri. Wala sikumdanganya. Nilikuwa naendelea vizuri kabisa, kuelekea shimoni.

Unajua nani alinipa akili hiyo? Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni. "Hao wa huko hawapendi maswali. Ukiuliza sana wanajua huwezi. Wewe kaa kimya, piga kazi, siku ya mwisho watupie mzigo wote." Aliongea kwa uhakika, amekaa juu ya baiskeli yake nyekundu, mguu mmoja chini, kama waziri. Baadaye nikaja kujua kwamba bwana huyu hajawahi kupokelewa kiraka (badiliko la kodi unalolituma kwenye mradi) hata kimoja, popote pale. Kazi yake kubwa ilikuwa tovuti ya harusi ya binamu yake, na tarehe ya harusi aliikosea. Na bado yupo, bado anashauri watoto wa watu. Siku nikiikuta ile baiskeli imeegeshwa peke yake, magurudumu yote mawili natoa upepo.

Basi, siku mbili kabla ya tathmini ya katikati nikatuma. Mzigo mmoja, umefungwa kama kiambatisho, barua yenyewe nimeipamba rangi maana nilitaka ipendeze. Mnaojua mnacheka. Kwenye orodha za barua pepe za kerneli maandishi ni matupu, kiraka kinakaa ndani ya barua yenyewe, ili mtu akijibu ajibu chini ya mstari ule ule anaouzungumzia. Barua ya HTML, yenye mapambo kama yangu, haina pa kukaa. Sikujua. Nikakaa kutwa nzima nasubiri pongezi za barua ambayo haikufika. Umeme nao ukaondoka. Usiku wa manane najifunza git send-email, amri ya kutuma viraka kwa barua pepe, kwa mwanga wa simu, nikasahau mstari wa Signed-off-by, ule unaothibitisha kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo, nikatuma tena.

Mlezi akajibu kwa upole, na upole ndio ulioniumiza. Alisema hawezi kukagua mistari elfu tatu kwa mkupuo. Kisha akanipa kiungo. Nakifungua, nakuta kuna mtu ameshatuma viraka vinavyobadilisha ule uchanganyaji kutoka picha nzima kuwa mstari mmoja mmoja, tena kwa sababu hiyo hiyo, kurahisisha kuongeza miundo mipya ya rangi. Vilikuwa hadharani kwenye dri-devel, orodha ya barua pepe ya wanaoshughulikia upande wa picha wa kerneli, toleo la kwanza, la pili, la tatu, wiki zote nilizofunga mlango. Kodi yangu haikuwa mbovu, dogo. Nilikuwa nimejenga ghorofa kwenye kiwanja kilichokwisha kuuzwa.

Ukifeli tathmini ya katikati umetoka. Hakuna "nitamalizia", na fungu la fedha la tathmini hiyo hulioni. Mama alikuwa ameshatangaza Makorora nzima kwamba mwanawe kaajiriwa na Google. Nilipomweleza kuwa viraka vyangu vimekataliwa, akaniangalia kwa huruma: "Kwani baba, huko nako wanavaa viraka?" Nikatoka nje kuangalia kama umeme umerudi.

Sasa nisikilize. Kiraka cha kwanza, wiki ya kwanza, hadharani. Kiwe kidogo mpaka uone haya kukituma. Neno lililokosewa kwenye maelezo, jina la kigezo linalochanganya, chochote. Nyaraka za kerneli zenyewe zina faili la kazi zinazosubiri watu kwa upande wa picha, Documentation/gpu/todo.rst, na ukurasa wa VKMS nao una orodha yake. Kabla hujatuma, pitisha kiraka kwa checkpatch.pl ikague makosa ya uandishi, kisha get_maintainer.pl itakutajia wa kutumiwa. Watakurudishia. Utatuma v2, v3, labda v6. Ukirudishiwa usikimbilie kulala na shuka kichwani kama nilivyofanya, hiyo kurudishiwa ndiyo kazi yenyewe.

Niliporudi uwanjani mwaka uliofuata, kwa hiari yangu, bila malipo na bila kumwambia mama, kiraka changu cha kwanza kupokelewa kilifuta mstari mmoja. Mmoja tu, na kufuta, si kuongeza. Cha pili kikajibiwa na mtu nisiyemfahamu: sehemu hii kuna anayeibadilisha, soma kwanza viraka vyake. Sentensi moja, ya bure. Mwaka wa nyuma yake nilikosa sentensi kama hiyo nikalipia wiki tano.

Kazi kubwa nayo unaikata vipande, kila kiraka hatua moja, na kerneli ijengeke baada ya kila kimoja. Ukikwama, usimnong'oneze mlezi pembeni, uliza palepale orodhani au kwenye chumba cha mazungumzo cha dri-devel cha IRC, kwenye mtandao wa OFTC, maana anayejua jibu lako huenda siye mlezi wako. Na ukishauliza usifunge ukaondoka. Watu wametapakaa dunia nzima, ukiuliza saa tatu asubuhi yetu kuna waliolala fofofo. Sisi Tanga tuna waja leo waondoka leo, ila kule ukienda kwa mtindo huo jibu litakuja usiku halina mwenyewe.

Na yule mlezi akikuuliza umefika wapi, mpe kiungo. "Naendelea vizuri" iache kwa ndugu wanaopiga simu kutoka Muheza.

Leo ni Alhamisi. Mpaka Jumapili usiku nataka uwe umetuma kiraka kimoja, hata cha herufi moja, na uweke kiungo chake hapa chini nikione. Na akitokea mtu huko Duga akakwambia usubiri kwanza kazi iive, kabla hujamjibu nitazamie baiskeli yake ni ya rangi gani.