Nikipumzika bado nachoka: ni uvivu, au kazi imenimaliza?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, niko kampuni ya utalii hapa Arusha, upande wa rizavesheni. Tangu hai sizoni ianze mwezi wa sita, naingia saa mbili asubuhi na usiku najibu wageni wa Marekani hadi saa tano, mara nyingine saa sita. Jumapili nalala mchana kutwa, Jumatatu naamka nimechoka vilevile. Zamani nilipenda wageni. Sasa barua pepe ikiingia nakasirika kabla sijaisoma. Bosi anasema nimekuwa mvivu. Je, likizo ya wiki mbili itanitosha? (Msomaji, Njiro)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mvivu hasononeki kwa kazi iliyomshinda. Wewe unasononeka kwa sababu kazi hii uliipenda.

Unachoeleza kinafanana sana na uchovu sugu wa kazi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, linautaja kama hali inayotokana na kazi, haliuhesabu kuwa ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi la maana. Uchovu wa kawaida una ile ya kwanza tu, na usingizi unauondoa. Hasira yako kabla ya kusoma ni ile ya pili, nayo inanitia wasiwasi kuliko huo usingizi wa Jumapili. Hata hivyo kapime damu kwanza, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huchosha hivihivi.

Likizo itakupa nafuu, lakini ukirudi ukakuta mambo yako kama ulivyoyaacha, sidhani nafuu hiyo itadumu. Kinachokumaliza nakiona kwenye simu. Msimu huu New York ikiwa saa kumi jioni, Arusha ni saa tano usiku: mgeni anaandika akiwa mezani kwake, wewe uko ndani ya chandarua. Skrini ikiwaka, hata usipoigusa, akili imeshafika ofisini. Ni ile familia iliyoko Tarangire? Gari limekwama? Unafungua, kumbe mtu anauliza bei ya mtoto wa miaka saba. Usingizi umeshakwenda. Mwili unaosubiri kuitwa haupumziki, hata ukiwa umelala.

Wiki hii weka daftari. Andika kila ujumbe unaoingia baada ya saa mbili usiku, na pembeni yake: kingeharibika nini kama ungeujibu asubuhi? Mgeni aliyetua uwanja wa ndege wa KIA usiku na dereva haonekani, huyo hasubiri. Kwotesheni, yaani bei ya safari ya Februari, inasubiri. Za dharura ziwekewe simu moja ya zamu, izunguke kwa wafanyakazi wote, na aliyeishika usiku achelewe kuingia kesho yake.

Mpelekee bosi daftari hilo pamoja na mpango wa zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko upande wako: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, kwa kawaida saa 12 za mapumziko. Ukimaliza saa tano usiku ukaingia saa mbili asubuhi, umepata tisa. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, kwa hiyo hizo wiki mbili usiziombe kama fadhila.

Wenye kampuni mnaosoma hapa, najua mmezoea kupeleka likizo zote Aprili na Mei, mvua za masika zikikata wageni. Aliyeishiwa nguvu Agosti hawezi kungoja masika. Mpeni hata siku nne sasa, simu ikiwa mikononi mwa mwenzake.

Na wewe mdogo wangu, kama usingizi umekukimbia kabisa, au kuna asubuhi unatamani usingeamka, hilo lisingoje daftari wala bosi. Nenda hospitali ya Mount Meru leo, na mtu wa nyumbani akusindikize, ukawaambie kama ulivyoniandikia mimi.