Tandala wa Namibia na bunduki ya .243

Ndugu, umeuliza kama bunduki yako ya .243 (yaani kipenyo cha risasi kwa inchi) inatosha kwa swala springboku na tandala mkubwa kule Namibia. Kwa springboku inatosha kabisa. Sheria ya huko inadai risasi itoke mtutuni na nguvu ya angalau jouli (kipimo cha nishati) 1,350 tu. Kwa tandala ni 2,700, na risasi nyingi za .243 hazifiki hapo. Chukua .308, yenye risasi nene na nguvu zaidi, au kodi kwa mwindaji atakayekuongoza.

Ila nakusihi, fanya mazoezi ukiwa umesimama, bunduki imeegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu, maana porini hakuna meza. Tandala akikupa ubavu, fuata mstari wa mguu wa mbele hadi theluthi ya chini ya kifua, hapo ndipo ulenge. Akikupa mgongo, usifyatue, hata ukihimizwa. Mnyama aliyejeruhiwa huteseka mno.