Barua kwa mwanangu: maji ya mfongo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Dar es Salaam nimeipata, na dawa za mama yako zimefika salama. Umeuliza tuligawanaje maji ya mfongo huku Marangu, mlimani Kilimanjaro, bila mita wala ankara, na kama ni kweli kwamba hakuna aliyeiba. Waliiba, mwanangu. Anayekusimulia kwamba zamani watu wote walikuwa waungwana hakukulia kihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani.

Mfongo wetu ulikuwa mtaro wa udongo uliochepushwa kutoka mtoni, juu karibu na msitu, ukateremka kwa kuzunguka vilima hadi kwenye migomba na mikahawa. Ulichimbwa na ukoo mmoja kabla babu yako hajazaliwa, kwa hiyo mzee wa mfongo alitoka katika ukoo huo, naye ndiye aliyepanga zamu. Wa koo nyingine walipata maji kwa kupeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, na kukubali kushiriki kazi. Usiku maji yaliachwa yajae kwenye nduwa, bwawa dogo lililokandikwa kwa udongo, na alfajiri mwenye zamu alichomoa kigogo kilichozibia tundu la chini, kikiwa kimeviringishwa majani makavu ya mgomba, maji yakatoka kwa nguvu ya kutosha kufika hadi pembe ya mwisho ya shamba. Hapo nilisimama na jembe, nikifungua tuta hili na kuziba lile kwa bonge la udongo lenye nyasi, kwa maana ukizubaa kidogo mistari ya juu hunywa yote na ile ya chini ikabaki na vumbi.

Kilichoushikilia utaratibu huo ni kazi. Masika ilipokwisha, mfongo ulikuwa umejaa tope, kingo zimebomoka na fuko wametoboa, hivyo kila nyumba ilitoa mwanamume wa kwenda kuzibua. Asiyetokea alitozwa mbege, nayo ilinywewa na waliofanya kazi, jambo ambalo nadhani liliwauma wengi kuliko faini ya fedha. Mwizi naye hakuhitaji kuviziwa, kwani asubuhi udongo wa shamba lake ulikuwa umelowa ilhali zamu haikuwa yake, na kesi ilisikilizwa siku hiyohiyo.

Wakoloni walilalamika kwamba mifongo inapoteza maji ya Mto Pangani. Hawakukosea kabisa, maana mtaro wa udongo huvuja. Lakini yaliyovuja yalinywesha majani ya ng'ombe na migomba ya jirani.

Vijana wa siku hizi husema mfongo ulikufa kwa sababu mlima umekauka. Maji yamepungua, sikatai, ila kwetu watu ndio waliotangulia kupungua. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mwaka 1989, vijana walishuka Moshi, Arusha na huko uliko, bomba likaleta maji ya kunywa hadi uani, na waliobaki kuzibua mfongo wakawa wazee wa rika langu.

Nduwa iliyo chini ya nyumba bado ipo. Kaka yako anataka kuifukia ajenge banda la kuku, nami nimemwambia asubiri mkutane wote Desemba, kwa sababu ukishakubali ifukiwe, utapaswa pia kukubali kwamba ile migomba ya chini haitamwagiliwa tena.

Ni mimi baba yako.