Usimpangie Mkimbizi Upande wa Vita

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa katika ukumbi wa kanisa huku Kasarani, na wanafunzi wangu wengi ni watu wazima kutoka Sudan Kusini. Januari 2014, wiki chache baada ya mapigano kuzuka Juba tarehe 15 Desemba 2013, nilifanya kosa ambalo linaniuma hadi leo: kwa kuhofia ugomvi, niliwaketisha Wadinka, kabila la Rais Salva Kiir, upande wa dirishani na Wanuer, kabila la kiongozi wa waasi Riek Machar, upande wa mlangoni. Mzee mmoja mwenye chale sita kwenye paji la uso, alama ya utu uzima kwa Wanuer, alikaa nilipomwelekeza, akanisubiri hadi wenzake walipotoka.

"Mwalimu," akaniambia, "mwanangu wa kwanza ni askari wa serikali, na mdogo wake amekwenda kwa waasi. Mimi ungeniweka wapi?"

Sikuwa na la kumjibu, ingawa habari zenyewe zilikuwa wazi kwa yeyote aliyezifuatilia. Mkuu wa majeshi ya serikali vita vilipoanza, James Hoth Mai, alikuwa Mnuer, na Wabul, ambao ni Wanuer wa jimbo la Unity, wengi wao walipigana upande wa Rais Salva Kiir. Rebecca Nyandeng, mjane wa mpigania uhuru John Garang na Mdinka wa eneo la Bor, alijitokeza hadharani mwezi huohuo wa Desemba kumkosoa Kiir, akiwa pamoja na Riek Machar, ambaye wapiganaji wake waliwaua watu wengi wa Bor mwaka 1991. Tafakari uzito wa hatua hiyo kwa mtu wa Bor. Nao wanasiasa 7 waliozuiliwa Juba, kisha wakaletwa hapa Kenya mwishoni mwa Januari, walikaa katika mazungumzo ya Addis Ababa kama kundi la tatu, wala si la serikali wala la waasi.

Baadaye kambi zote mbili zilizidi kumeguka. Taban Deng Gai, mpatanishi mkuu wa Machar, alichukua nafasi ya bosi wake ya makamu wa kwanza wa rais mwaka 2016. Jenerali Thomas Cirillo alijiuzulu jeshini Februari 2017, akaanzisha uasi wake.

Kwa hiyo, wewe mwalimu, mchungaji au mwenye nyumba za kupangisha, nakusihi usimuulize mgeni wako yuko upande gani. Muulize alipita njia gani na amewaacha akina nani nyumbani, kisha umwachie nafasi ya kunyamaza. Usimtake alaani kabila lake wala kiongozi wake mbele za watu ili umwamini, kwa sababu maneno husafiri kwa simu hadi Juba, na atakayeadhibiwa huenda ni ndugu yake aliyebaki. Katika maombi, wataje waliofiwa, usiombee ushindi wa jeshi lolote. Nimewahi kuona mama akitoka ukumbini na mtoto mgongoni kwa sababu ya sentensi moja ya namna hiyo.

Darasani siku hizi napanga viti kwa kiwango cha Kiswahili tu. Mzee yule nilimwomba radhi kipindi kilichofuata, mbele ya wote, kwa kuwa nilikuwa nimemkosea mbele ya wote.