Miwani ya Uhalisia Pepe: Imeshuka Bei, Mbona Bado Ni Nene?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilipokuwa chuoni tuliambiwa kwamba uhalisia pepe, yaani kumzungushia mtu picha za kompyuta hadi ajione yumo ndani yake, unahitaji chumba kizima chenye projekta na kompyuta za bei ya nyumba. Leo miwani yake inauzwa madukani pamoja na simu. Ni nini hasa kilichopunguzwa, na kwa nini miwani yenyewe bado imetokeza usoni kama kopo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Chumba ulichosimuliwa, Mwalimu, bila shaka ni CAVE, kilichoonyeshwa Chicago mwaka 1992 na Carolina Cruz-Neira, Daniel Sandin na Thomas DeFanti. Kuta zake, zenye upana wa takriban mita 3, zilimulikwa na projekta kutoka nyuma, hivyo fedha nyingi ziliishia katika kuujaza ukuta mwanga. Wazo la kuiweka skrini mbele ya macho lilikuwapo tangu 1968, Ivan Sutherland alipounda kifaa cha kuvaa kichwani kilichoning'inizwa darini. Kilichokosekana ni skrini ndogo, nyepesi na rahisi. Hiyo ililetwa na simu janja, na ndiyo maana mwaka 2012 kampuni ya Oculus iliweza kuwaahidi waandaaji wa programu miwani ya majaribio kwa dola 300.

Hata hivyo skrini peke yake isingetosha, na hapa ndipo penye utamu kwa mtu wa fizikia. Chukua kioo cha kukuzia, kisogeze juu ya karatasi ya grafu: mistari ya pembeni inapinda, na pembe za miraba zinavutwa kwenda nje. Zamani kasoro hiyo iliondolewa kwa kupanga lenzi kadhaa, nzito na ghali. Siku hizi programu huichora picha ikiwa imepindishwa kinyume, imetuna kama pipa, ili lenzi moja ya plastiki iinyooshe. Kazi ya kioo imehamishiwa kwenye hesabu, na hesabu haina uzito.

Unene ni suala jingine. Skrini lazima ikae karibu na fokasi ya lenzi, pale lenzi inapoikusanya miale, na umbali huo wa sentimita kadhaa ndilo kopo unaloliona. Miwani kama Meta Quest 3 ya mwaka 2023 huukunja mwanga, ukaenda na kurudi ndani ya lenzi bapa kabla ya kufika jichoni. Lakini njiani hukutana mara mbili na kioo kinachopitisha nusu tu ya mwanga na kurudisha nusu, kwa hiyo haibaki zaidi ya robo, na skrini hulazimika kung'aa zaidi na kula betri.

Kwa darasa lako, boksi la karatasi ngumu la kutia simu, mfano wa Cardboard ya Google ya mwaka 2014, linafaa kwa kuanzia. Kumbuka tu kwamba hutambua kichwa kilichogeuka, si kilichosogea: mwanafunzi akiinama kuuchungulia moyo wa binadamu ulio kwenye picha, moyo nao husogea naye, na kichefuchefu huanzia hapo. Waketi, na iwe kwa dakika chache.