Mtoto wangu alidhani sukari ndiyo iliyotikisa Goma

Katika miaka minne ya kwanza ya mtoto wetu wa kwanza nilikuwa na msaidizi wa malezi ambaye sikumlipa wala sikumpumzisha, naye alikuwa Mungu. Mtoto akikataa kulala, Mungu alikuwa anamwona. Akimpiga mtoto wa jirani, Mungu atamchapa. Akifungua kopo la sukari nami niko nje nawasha mbabula, jiko letu la mkaa, sauti yangu ilimfikia kupitia dirishani ikimwambia kwamba Mungu amekwisha kuandika. Sikuona ubaya wowote, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa mimi, na ndivyo walivyolelewa akina mama wenzangu wa shirika letu parokiani. Tena njia hiyo huleta matokeo papo hapo, na mama mwenye bidoni nne za kujaza maji kabla jua halijawa kali hana muda wa kuchagua. Nawaandikia wazazi wanaosali na wenye watoto wa umri huo, niwaeleze jinsi nilivyoiacha njia hiyo na kilichonigharimu kuiacha.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, anga juu ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, liligeuka jekundu. Waliokuwa mbali waliona picha. Sisi tuliokuwapo tunakumbuka zaidi msongamano wa watu wenye magodoro vichwani, wengine wakielekea mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda, wengine wakishika njia ya Sake, na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zilizobeba runinga na bibi kizee kwa safari moja. Moto wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulisimama upande wa Buhene, si mbali na uwanja wa ndege, na Jumapili wengi wetu tulikuwa tumerudi nyumbani tukidhani yamekwisha. Hapo ndipo ardhi ilipoanza kutetemeka, ikatetemeka mchana na usiku, siku baada ya siku, hata kuta zikafanya nyufa nasi tukahamishia mikeka nje, kwa kuwa tuliliogopa paa kuliko baridi.

Usiku wa pili wa matetemeko hayo, baada ya mtikisiko mmoja mkali uliowafanya mbwa wa mtaa mzima wabweke kwa pamoja, mtoto alinikumbatia shingoni akaninong'oneza: "Mama, ni mimi. Nilikula sukari. Umwambie Mungu sitarudia."

Nilimwambia alale. Hilo tu. Nalitaja jibu hilo kwa sababu makala za malezi hujaa wazazi ambao huwa na neno zuri papo hapo, nami sikuwa nalo. Nililala macho nikihesabu mitikisiko, nikaona kwamba mtoto hakuwa amekosea hesabu yake hata kidogo. Nilimfundisha kwamba Mungu huona sukari, nikamfundisha kwamba Mungu hupiga, na sasa alikuwa ameona kitu kikubwa kikipiga mji mzima. Mtoto wa miaka minne huamini kwamba kila jambo lina mwenye kulitenda, na akikosa kumwona mtu mwingine, hujitazama mwenyewe. Kwa hiyo usiku ule, watu wazima walipokuwa wakiogopa mlima, yeye alikuwa akibeba peke yake lawama ya mji wote.

Alhamisi tarehe 27, kabla ya mapambazuko, gavana alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe mara moja. Tulitembea kuelekea Sake pamoja na umati usiohesabika, tukapata nafasi katika darasa la shule, na jioni mume wangu akateleka maji ya bugali juu ya mafiga ya kuazima. Kifuniko cha sufuria kilipoanza kucheza, alimwita mtoto akamwuliza ni nani anayekitikisa. Mtoto akafikiri, akasema ni mvuke. Je, mvuke umekasirika? Mtoto akacheka. Baba yake akamweleza kwamba chini ya mlima kuna mawe yaliyoyeyuka kwa joto, kwamba mawe hayo yalikuwa yakijipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa yakitafuta njia, na kwamba ardhi hutikisika yanapopita, kama kifuniko kile.

Kisha ikawa zamu yangu, ambayo ilikuwa ngumu zaidi. Nilichuchumaa nikamwambia kwamba nilikosea niliposema Mungu atamchapa kwa ajili ya sukari, kwamba halikuwa neno la kweli, na kwamba naomba anisamehe. Akauliza, "Kwa hiyo Mungu hajakasirika?" Nikasema hapana. Akanitazama. "Na wewe?"

Kama kuna ushauri mmoja ambao ningependa msomaji auchukue hata akiacha mengine yote, ni huu wa kumwomba mtoto msamaha kwa maneno yaliyo wazi, ukitaja kosa lenyewe. Jirani yangu mmoja aliniambia kwamba mzazi anayemwomba mtoto radhi hujivua heshima. Katika nyumba yetu sikuona hivyo. Nilichoona ni kwamba tangu jioni ile mtoto huja mwenyewe kuniambia alichovunja, jambo ambalo halikutokea hata siku moja katika ile miaka ya vitisho.

Upinzani wa kweli ulitoka kwa mama mkwe wangu, ambaye watoto wetu humwita Tate. Aliposikia kwamba nimekataza maneno "Mungu anakuona" nyumbani, alikaa kimya hadi chakula kikaisha, halafu akaniuliza kwa upole, "Mama, sasa watoto wangu watalelewa na nani?" Nikamwambia kwamba sitaki wamwogope Mungu kama askari. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hata mume wangu hakuwahi kunisimulia. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa mlima ulipopita katikati ya mji hadi ziwani, nyumba yao ya mbao iliungua, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia pia. Waliishi miezi mingi chini ya hema la plastiki, na kila usiku aliwaambia watoto wake maneno hayohayo: Mungu anatuona. Maana yake ilikuwa kwamba hawajasahauliwa. Na mtu mmoja alipomwambia kwamba moto ule ulikuwa adhabu, Tate alimwuliza kanisa kuu lilikuwa limetenda dhambi gani.

Nilinyamaza, maana alikuwa amenishinda kwa hoja yangu mwenyewe. Maneno niliyoyageuza kuwa fimbo yalikuwa kwake blanketi. Baadaye nilimkumbuka Hajiri katika kitabu cha Mwanzo, mjakazi aliyekimbilia jangwani akiwa na mimba, ambaye alimwita Mungu kwa jina la yule aonaye kwa sababu alionwa katika taabu yake, wala si kwa sababu alifumaniwa. Tulipatana, mimi na Tate, kwamba maneno hayo yarudi nyumbani, lakini kwa sharti moja: yasemwe mtoto anapoogopa, anapougua, au anapotenda jema ambalo hakuna aliyelishuhudia. Mtoto akiwa amekosea, tunatafuta maneno mengine. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, kwa kuwa kinatenganisha kumcha Mungu na kumwogopa Mungu. Anayemcha hukaribia, anayemwogopa hujificha chini ya kitanda.

Mnaweza kuuliza hayo maneno mengine ni yapi. Kwa upande wa sukari yalikuwa rahisi kuyatamka na magumu kuyatekeleza: sukari unayokula leo ndiyo inayokosekana katika uji wa kesho. Kijana alikunywa uji mchungu asubuhi tatu mfululizo akinitazama kama yatima, na asubuhi ya tatu nilikaribia kushindwa. Kopo nalo nililipandisha rafu ya juu, maana si kila vita ni lazima ipiganwe.

Lakini kuna mahali ambapo jambo hili si la tabia njema tu, ni la uhai, nami nawasihi hasa wenzangu wa mitaa ya Himbi, Keshero na upande wote ule wa Ziwa Kivu. Tuna mazuku. Wazee wengi huwaambia watoto kwamba mazuku ni pepo mbaya au shetani wa shimoni, na nia yao ni njema. Kwa kweli ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyoonekana, ambayo hukusanyika katika mabonde na mashimo, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Kwa kuwa hukaa chini, mbuzi na mtoto huanguka mahali ambapo mtu mzima bado amesimama. Sasa fikirini: mtoto niliyemfundisha kwamba ni pepo, na kwamba Mungu huwalinda watoto wazuri, angeweza kupiga ishara ya msalaba na kushuka shimoni kufuata mpira wake. Yule aliyefundishwa kwamba hewa ya shimo haifai kwa kimo chake ataenda kumwita mtu mkubwa. Vivyo hivyo kwa maji ya ziwa: tunamwonyesha kijana anayetia klorini katika bidoni pale ufukweni, tunamweleza kwamba vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho, na hatuchanganyi tumbo la kuhara na ukaidi.

Mlima ulikuwa mtihani mwepesi, nikilinganisha. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalipoingia mjini, tulilala siku kadhaa sakafuni katika ujia wa nyumba, mbali na madirisha, bila umeme wala maji ya bomba. Mtoto alikuwa amekua, na swali lake lilikuwa gumu kuliko lile la sukari: safari hii, je, kuna aliyekasirika? Mfano wa kifuniko haukufaa, kwa sababu risasi hazitoki zenyewe kama mvuke. Tulimwambia kwamba ndiyo, kuna watu wanaopigana, kwamba wao ndio wanaofyatua, kwamba hakuna kosa lake wala la dada yake lililowaleta. Akauliza kwa nini Mungu hawazuii. Mume wangu akasema hajui, na kwamba yeye pia humwuliza Mungu swali hilo. Nilihofu kwamba jibu hilo litamvunja moyo, lakini alijisogeza karibu na baba yake akalala, na nadhani kilichomtuliza ni kujua kwamba swali lake halikatazwi.

Wapo wanaosema kwamba imani ya namna hii ni legevu. Ninawakumbusha tu yaliyomo katika Biblia tunayoisoma wote: Eliya mlimani alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, na imeandikwa kwamba Bwana hakuwamo katika vyote vitatu, bali ilifuata sauti ndogo. Naye Yesu, alipopewa habari za watu waliokufa vibaya, aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kwa watu wa Goma sidhani kuna masomo mawili yanayotuhusu zaidi ya hayo, na sielewi kwa nini huwa tunayaruka tunapofundisha watoto.

Neno moja kuhusu sala ya jioni, kwa sababu huko ndiko fimbo inakojificha mwisho. Nilipoacha kumtishia mtoto kwa Mungu mchana, nilijikuta namgombeza kupitia Mungu usiku: Ee Mungu, msaidie mtoto huyu aache kulala na miguu michafu. Mtoto hajui kwamba hiyo ni sala; anajua kwamba anasemwa mbele ya mtu mkubwa. Sasa kila mmoja hutaja jambo moja analoshukuru, na mtu mmoja anayemwombea, halafu tunasali Baba Yetu, basi. Haichukui dakika tano, taa ya jua ikiwa na nguvu au ikiwa imezimika. Anachoshukuru mtoto hatukisahihishi hata kama ni visamaki vya sambaza vya kukaanga siku nne mfululizo, na siku moja alishukuru kwamba jenereta ya jirani imeharibika, nasi wakubwa tukaitikia Amina kwa moyo wote kuliko ilivyopasa.

Walezi wengine inabidi waambiwe pia, kwa maana mtoto wa Goma halelewi na wawili. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani alihitaji muda, shangazi zake bado wanahitaji. Sibishani nao mbele ya watoto. Mtoto akija kuniuliza kama ni kweli Mungu atamkata ulimi, namwambia kwamba shangazi anampenda na alikuwa amechoka, jambo ambalo kwa kawaida ni kweli tupu.

Nami mwenyewe bado hujikwaa. Juma lililopita binti yetu wa miaka mitatu alikuwa akimimina mchuzi wa sombe, majani ya muhogo, juu ya meza kwa utulivu wa fundi anayesakafia, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeanza kwa sauti ile ya zamani: "Mungu ata..." Kaka yake aliacha kula, akaweka tonge chini, akanisubiri nimalize. Tate naye akanitazama. Nikatafuta mwisho wa sentensi yangu kote mezani, nikasema, "Mungu atatusaidia kupata kitambaa," na kijana akanyanyuka kwenda kukileta.